Nikiuliza “Mmeelewa?” wote hujibu “Ndiyo, bosi”, kisha mzigo unakwama mpakani

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Mbale, Uganda. Mimi ni mwanamume wa miaka 41, na tangu mwaka jana nimekuwa msimamizi wa ghala la kahawa linalopokea mazao ya miteremko ya Mlima Elgon. Kazi yetu ni kupima unyevu, kuchambua punje mbovu, kutia kahawa kwenye magunia na kupakia makontena yanayopitia mpaka wa Malaba kwenda bandari ya Mombasa. Nina watu 26 chini yangu, wakiwemo akina mama wanaochambua kahawa mezani, wapakiaji, makarani wawili na walinzi. Wengi wao ni Wamasaba, wapo pia Wateso na Wagwere. Mimi nilizaliwa na kukulia katika kambi ya jeshi huko Jinja, ambako baba yangu alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichonilea na ndicho ninachokitumia kazini, kwa kuwa Kimasaba sikijui vizuri.

Shida yangu ni kwamba watu wangu hawaniambii kitu. Kila asubuhi saa mbili tunakutana uani, natoa maagizo, kisha nauliza, “Mmeelewa?” Wote wanaitika, “Ndiyo, bosi.” Nauliza tena, “Kuna swali?” Kimya. Miezi mitatu iliyopita niliweka daftari la makosa na hitilafu karibu na mzani ili mtu yeyote aandike anachokiona, na mpaka leo halina hata mstari mmoja, jambo ambalo mwanzoni nilijivunia mbele ya wakubwa wangu.

Mwezi uliopita tulipakia kontena la magunia 320 ya kilo 60. Ili kuokoa muda, nimeagiza hati zote ziandaliwe jioni ya kuamkia siku ya kupakia, pamoja na nambari ya sili (kifungio chenye nambari) itakayofungwa kwenye mlango wa kontena. Asubuhi nilimkuta karani mlangoni akiwa ameshika hati mkononi, nikamwuliza, “Kila kitu kiko tayari, sivyo?” Akajibu, “Ndiyo, bosi.” Lori likaondoka. Kufika Malaba ikagundulika kwamba nambari ya sili iliyo mlangoni si ile iliyoandikwa kwenye hati, na lori likalala hapo usiku mbili huku mwenye mzigo akinipigia simu kila baada ya saa moja. Baadaye nikaja kujua kwamba karani aliiona tofauti ile kabla lori halijatoka getini. Nilipomwuliza mbona hakusema, alinijibu kwa utulivu kabisa, “Hukuniuliza habari za sili, bosi. Uliuliza kama tuko tayari kuondoka.”

Nilikuwa nimehudhuria semina moja Kampala ambako tulifundishwa kuuliza “kwa nini” mara tano ili kufikia kiini cha tatizo, basi nikaamua kuitumia mbinu hiyo kwake pale pale. Tulipofika “kwa nini” ya tatu, alivua kitambulisho chake cha kazi shingoni, akakiweka juu ya meza yangu na kuniuliza kama aende kuchukua vitu vyake. Nilimrudisha kazini, lakini barua ya onyo la mwisho nimekwisha kuiandika na iko kwenye droo. Nimesikia pia kwamba nyuma ya mgongo wangu wananiita “Afande”.

Je, nifanye nini ili watu hawa wafungue midomo? Au ndiyo tabia yao tu?

Msimamizi wa Ghala,
Mbale

*

Ndugu yangu Msimamizi,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama kwenye jibu la karani. Wewe umelichukua kama ujeuri. Mimi nimelisoma kama taarifa sahihi kabisa kuhusu swali lako, kwa sababu mtu aliyeulizwa “Kila kitu kiko tayari, sivyo?” na mkubwa wake, mlangoni, huku injini ya lori inanguruma, ameulizwa swali lenye jibu moja tu lililo salama. Neno “sivyo” limekwisha kumwambia unachotaka kusikia. Ili aseme kweli, ingembidi kwanza akupinge, kisha alisimamishe lori, kisha aeleze kosa ambalo huenda wewe ungelihesabu kuwa lake, na yote hayo ayafanye kabla hujageuka kwenda zako. Ni wachache wanaoweza, na wale wanaoweza kwa kawaida hawabaki makarani kwa muda mrefu.

Kabla sijaenda mbele, hilo la “tabia yao” naomba tuliondoe. Mimi nilifanya kazi ya utumishi kwa miaka 19 katika kiwanda kimoja huko Jinja, na kila Ijumaa nilipita kwenye mashine za kushonea nikiuliza, “Kuna tatizo?” Jibu lilikuwa ni lile lile, “Hakuna, mama,” nami nikaamini kwamba ninasimamia watu wenye furaha. Siku mama mmoja alipostaafu, baada ya soda na keki, alinishika mkono pembeni akaniambia, “Mama, wewe ulikuwa unauliza huku umeshika kitasa cha mlango.” Sikuwa nimejua, lakini ni kweli, nilikuwa nikiuliza nikiwa njiani kutoka.

Tuanze na lugha, kwa sababu nadhani hapo ndipo lilipo jambo ambalo wewe, kwa kuzaliwa kambini, huwezi kulisikia kirahisi. Kwako Kiswahili ni lugha ya mama, ya mchezo na ya chakula cha jioni. Kwa Waganda wengi walio na umri wa kukumbuka, na kwa watoto waliosimuliwa na wazazi wao, Kiswahili kilikuja kikiwa kimevaa sare: ni lugha ya askari, ya kizuizi cha barabarani, ya “toa kitambulisho” na “unatoka wapi”, na kumbukumbu za miaka ya 1971 hadi 1979, enzi za Idi Amin, hazikuisaidia sifa hiyo. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, lakini marekebisho ya katiba hayabadilishi sauti ambayo mtu anaisikia kichwani anapoulizwa kwa mkato, “Kwa nini umechelewa?” Hilo jina la Afande, ndugu yangu, wala si tusi. Ni maelezo ya jinsi maswali yako yanavyosikika. Sikushauri uache Kiswahili, bali ukivue sare. Salimia kwanza, na usalimie kwa kirefu kama watu wa kwenu wanavyosalimiana, mtu aulizwe habari ya nyumbani na ya shamba kabla ya kuulizwa habari ya magunia. Jifunze salamu za Kimasaba, hata ukizikosea. Na mtu akitaka kujibu kwa Kimasaba, mwache ajibu hivyo na mwenzake atafsiri, ila mtafsiri asiwe msimamizi wake wa zamu, maana huyo atakupunguzia ukali wa jibu njiani.

Sasa maneno yenyewe. “Mbona” halitafuti habari, linatafuta toba. Mtu akiulizwa “Mbona hukusema?” ameshahukumiwa, na kilichobaki ni kujitetea au kunyamaza. “Nani” nalo linamtafuta mtu kabla ya tukio kujulikana. Jaribu kuanza na “ilikuwaje”, “ulianza kuona nini”, “kilifuata nini”, kisha uone jinsi mtu anavyonyoosha mgongo na kusimulia. Swali la “Mmeelewa?” liache kabisa, kwa sababu hakuna mtu mzima anayekiri mbele ya wenzake 25 kwamba hakuelewa. Badala yake mwambie mmoja, kwa upole na si kwa mtego, “Hebu nieleze utaanzia wapi, nijue kama nimejieleza vizuri.” Mzigo wa kueleweka unakuwa wako, naye hana la kuona aibu. Wauguzi hutumia njia hii hii kwa wagonjwa, wakiwaomba waeleze kwa maneno yao jinsi watakavyomeza dawa nyumbani.

Kuna tatizo moja dogo la sarufi ambalo limewahi kuniletea hasara ya kweli, na sijaona likiandikwa popote, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Ni swali la kukanusha. Ukimwuliza mtu, “Turubai halijafungwa?” naye akajibu “Ndiyo”, amesema nini? Kwa Kiswahili tulichokirithi kwa wazee, “ndiyo” hiyo inakubaliana na maneno yako: ndiyo, halijafungwa. Lakini kijana aliyekaa sana na Kiingereza cha shuleni anaweza kusema “Hapana” akimaanisha jambo hilo hilo, kwamba halijafungwa. Watu wawili katika ghala moja, swali moja, ukweli mmoja, majibu mawili yanayopingana, na wewe unaondoka umeridhika na yote mawili. Ongeza juu yake “kale” ya Kiganda, ambayo wengi wetu tunaitumia mchana kutwa na ambayo mara nyingi humaanisha tu kwamba nimekusikia, bila kuahidi kwamba nimeelewa wala nimekubali. Dawa ni kuuliza swali ambalo “ndiyo” haiwezi kulijibu. Usimwulize mtu wa kipimo, “Kahawa imekauka?” Mwulize, “Kipimo kimesoma ngapi, na umepima magunia mangapi?” Wewe unajua kuliko mimi kwamba kahawa ya kuuzwa nje haitakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 12.5, basi jibu liwe nambari, na nambari ikiwa 13 itasema yenyewe bila mtu kujitoa mhanga. Vivyo hivyo ungemwambia karani siku ile, “Nisomee nambari ya sili mlangoni, nami nisome ya kwenye hati,” kazi ya nusu dakika, na lori lisingelala Malaba.

Nije kwenye semina yako. Mbinu ya “kwa nini” tano ilipata umaarufu kupitia Toyota ya Japani, na mhandisi wao Taiichi Ohno alipenda kuieleza kwa mfano wa mashine iliyosimama. Kwa nini imesimama? Fyuzi imekatika kwa kuzidiwa. Kwa nini ilizidiwa? Beringi hazikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haikuvuta vizuri. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Kwa nini umelika? Hapakuwa na chujio, na chembe za chuma zikaingia. Angalia majibu hayo vizuri: hakuna hata moja lenye jina la mtu. Swali linaelekezwa kwa chuma, kwa mafuta, kwa mpangilio wa kazi, na ndiyo maana linaweza kuulizwa mara tano bila mtu yeyote kuvua kitambulisho. Wewe ulilichukua shoka la kukatia mti ukamgeukia nalo mtu, tena peke yake ofisini, tena kwa Kiswahili cha kambini. Mimi ningekivua kitambulisho kwenye “kwa nini” ya pili.

Hebu tuielekeze mbinu hiyo hiyo mahali pake. Nambari zilitofautiana. Kwa nini? Kwa sababu iliyofungwa mlangoni asubuhi si ile iliyoandikwa jioni. Kwa nini iliandikwa jioni, kabla sili haijafungwa? Kwa sababu umeagiza hivyo ili kuokoa muda. Umeliandika agizo hilo katika barua yako mwenyewe, kwa sentensi moja, kama jambo la kupita, na nashuku kwamba makarani wako wote wawili walijua tangu siku ya kwanza kuwa siku moja litawaumbua, kwa kuwa aliyepewa kazi ya kufunga sili asubuhi huchukua ile iliyo juu kwenye boksi. Hapo tumefika kwenye kiini kwa “kwa nini” mbili tu. Bila shaka umeona ni kwa nini karani hakuweza kukufikisha hapo: kila hatua ya jibu la kweli ilikuwa inamrudisha kwako. Nambari ya sili iandikwe baada ya sili kufungwa, na isomwe na watu wawili. Hilo usilifanyie mkutano, litangaze tu kesho.

Daftari lako tupu linanitisha kuliko kontena. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya utoaji wa dawa katika timu za hospitali akitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri na uhusiano mzuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamjia kinyume: timu bora ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona kwamba maelezo yanayoelekea zaidi si kuwa zilikosea zaidi. Zilikuwa zinayasema, huku nyingine zikiyafunika. Ghala lenye watu 26, magunia, mizani, unyevu na malori, likakaa miezi mitatu bila hitilafu hata moja, halipo Mbale wala kokote. Nadhani mtu wa kwanza kuandika humo anajua kwamba mwandiko wake utatambulika, na hakuna anayejua kitakachomfuata.

Hapo ndipo penye uzito wote, na ningeweza kukuandikia maswali mazuri mia moja yasikusaidie kitu ukipakosa. Watu hawapimi swali lako. Wanapima uso wako wakati jibu la kwanza baya linapotua. Mama wa kwenye meza ya kuchambua akikuambia kwamba punje nyeusi zimezidi katika mzigo wa mteja mkubwa, na wewe ukapumua kwa nguvu au ukaangalia saa, wenzake 10 wameona, na swali lako la kesho limeshajibiwa. Sema, “Ahsante kwa kuniambia mapema. Umeziona kwenye magunia gani?” Kisha nenda naye ukaone. Ukishachukua hatua, rudi umwambie ulifanya nini, hata kama ulichofanya ni kukataa ushauri wake, ukimpa sababu. Wasimamizi wengi husahau kurudi, na mtu aliyesema jambo kisha hakusikia tena habari yake anahesabu kwamba alipoteza pumzi.

Mikutano ya uani ifupishe. Maswali mengi yanayofaa huulizwa pale kazi inapofanyika, nyuma ya lori au penye kipimo, ambako mtu anaweza kuonyesha kwa kidole kile asichoweza kukieleza kwa lugha yako. Uliza moja kwa wakati, kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Utaona ni muda mrefu ajabu, na utatamani kujijibu mwenyewe. Usijijibu. Na unapotaka maoni ya wengi, waanze walio chini, wewe uwe wa mwisho, kwa sababu ukishasema unavyoona hakuna maoni mengine yatakayobaki uani.

Haya yote yana mipaka. Lori likirudi nyuma na mtu yuko njiani, hiyo si saa ya “unaonaje”. Piga kelele asimame. Jambo ambalo umekwisha kuliamua, litangaze kama uamuzi, usiwaombe watu maoni ya bandia, kwa maana wanatambua mara moja. Na wizi una utaratibu wake.

Kuhusu barua iliyo kwenye droo, ichane. Hata kama ungetaka kuendelea nayo hadi kumfukuza, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri, kabla ya kuamua kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, amweleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anatarajiwa kuielewa, ampe nafasi ya kuwa na mtu anayemchagua mwenyewe, na amsikilize. Kumsikiliza hukuwahi, ulimhoji. Lakini sababu yangu kubwa si ya kisheria. Huyo ndiye mtu pekee katika ghala lako ambaye amekwisha kukuambia ukweli usoni, na wenzake 25 wanangoja waone utamfanya nini.

Mwite Jumatatu, usimwite ofisini. Mkute pale anapofungia sili. Msalimie, mwambie agizo la kuandika nambari jioni lilikuwa lako na limefutwa. Kisha mwulize, “Ni kitu gani kingine tunakifanya hapa ambacho unaona kitatukwamisha siku moja?” na uhesabu hadi 10. Siku hiyo huenda akasema, “Hakuna, bosi.” Usimlazimishe; mwulize tena baada ya wiki, kwa sauti ile ile. Ukitoka hapo nenda kwenye mzani, fungua daftari, na mstari wa kwanza uuandike wewe mwenyewe kwa mwandiko wako: tarehe, nambari ya kontena lile, na maneno uliyomwuliza karani akiwa ameshika hati mkononi.

Wako,
Mshauri